Kompyuta za hospitali zinapokosa lugha moja, anayeumia ni mgonjwa

MGONJWA wa kisukari hupimwa damu asubuhi kabla ya kula, katika zahanati ya mtaani, na kuandikiwa namba 7. Wiki mbili baadaye anapimwa tena katika hospitali ya kibinafsi mjini na kuandikiwa 126. Jamaa zake wanaingiwa na hofu wakidhani sukari imepanda mara kumi na nane. Kumbe namba hizo mbili ni kitu kimoja.

Mashine ya kwanza ilihesabu sukari kwa milimoli katika lita moja ya damu, nayo ya pili ilihesabu kwa miligramu katika desilita moja. Ukizidisha namba ya kwanza kwa 18 unapata ya pili. Zote mbili ndizo mpaka ambao madaktari wakiufikia huanza kusema kuwa huyu ana kisukari.

Sasa fikiria namba 18 yenyewe. Kwa hesabu ya milimoli, mwenye 18 ana sukari nyingi mno na huenda akahitaji insulini. Kwa hesabu ya miligramu, mwenye 18 ameishiwa sukari na yuko karibu kuzimia, au tayari amezimia. Mmoja anahitaji sukari ishushwe, mwingine anahitaji aongezewe upesi. Muuguzi akiona 18 peke yake, bila kuelezwa ni 18 ya nini, atamhudumia vipi mgonjwa aliyeletwa usiku akiwa hajitambui?

Daktari aliyeshika karatasi mbili mkononi ataitambua tofauti hiyo, maana anaijua mashine ya hospitali yake na anamwona mgonjwa mwenyewe. Kompyuta haina busara hiyo. Huweka ilichopewa, na ikiombwa kukipeleka kwingine, hukipeleka vile vile.

Hili ndilo tatizo linalowasumbua wataalamu wa mifumo ya kompyuta ya hospitali duniani kote, na hasa wale wanaotengeneza programu huria. Wamekuwa wakitafuta viwango vya pamoja ambavyo vitawezesha programu moja kusoma na kuelewa kile ambacho programu nyingine imeandika kuhusu mgonjwa yule yule. Jambo hili husikika kama la mafundi peke yao, lakini linamgusa kila mtu anayebeba faili yake kutoka hospitali moja hadi nyingine.

Programu huria ni nini?

Programu huria ni ile ambayo mwenyewe ameiacha wazi. Mtu yeyote anaruhusiwa kusoma maagizo yote yaliyomo ndani yake, kuyageuza yalingane na mahitaji ya kituo chake, na kumpa mwenzake bila kulipia leseni. Hii haimaanishi kwamba hospitali haitatumia pesa. Kompyuta zitanunuliwa, umeme utalipiwa, wafanyakazi watafundishwa na fundi atataka mshahara mwisho wa mwezi. Lakini hakuna kampuni inayoweza kuifungia hospitali mlango kwa sababu haijalipa ada ya mwaka.

Kwa nchi kama yetu, ambako zahanati hukosa hata glavu, faida ya mpango huo haihitaji kuelezwa.

Hata hivyo, wengi hudhani kwamba programu zikiwa huria basi zitaelewana zenyewe. Sivyo. Uhuria humruhusu fundi kuona ndani ya programu. Haumhakikishii kwamba neno lililoandikwa humo lina maana ile ile katika programu ya jirani. Hapo ndipo pana kazi, na kazi hiyo ni ya madaktari kuliko ilivyo ya mafundi.

Ilivyoanzia Mosoriot

Kenya si mgeni katika mambo haya. Mwaka wa 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, huko Nandi, mwendo mfupi kutoka mjini Eldoret, kilianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa wake kwenye kompyuta. Ulikuwa miongoni mwa mifumo ya kwanza ya namna hiyo katika vituo vya mashambani kusini mwa Sahara. Ulitokana na ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulioanza mwaka wa 1989.

Mfumo huo ulijengwa juu ya Microsoft Access, programu ya kawaida inayopatikana katika ofisi nyingi. Kwa kituo kimoja ulitosha. Lakini mwaka ule ule wa 2001 vyuo hivyo vilianzisha AMPATH, mradi wa kuwatibu wenye virusi vya Ukimwi katika magharibi ya Kenya, na idadi ya wagonjwa ikaongezeka kwa kasi ambayo msingi ule haungeweza kuihimili.

Mnamo 2004, Dkt Burke Mamlin na Dkt Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief, iliyoko Indiana, walifika Eldoret, wakaona kwamba kuongeza viraka hakungesaidia. Wakaanza kuunda mfumo mpya. Walipogundua kwamba Dkt Hamish Fraser na wenzake wa shirika la Partners In Health walikuwa wakihangaika na shida iyo hiyo, waliunganisha nguvu. Ndivyo ilivyozaliwa OpenMRS, programu huria ambayo leo hutumiwa katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika. Ilianza kufanya kazi Eldoret mapema mwaka wa 2006, na mwaka huo huo ikafika Rwinkwavu, nchini Rwanda.

Kitu kilichoitofautisha OpenMRS na programu nyingine za wakati huo ni kamusi iliyo katikati yake. Katika programu ya kawaida, fundi huchora jedwali lenye nafasi ya uzito, nafasi ya joto la mwili, nafasi ya presha na kadhalika. Daktari akitaka kuuliza jambo jipya, sharti fundi aitwe kuvunja jedwali na kulichora upya. Katika OpenMRS, kila jambo linaloweza kuulizwa au kujibiwa huingizwa kwenye kamusi na kupewa namba. Muuguzi anaweza kuliona kwa Kiingereza, Kifaransa au Kiswahili. Kompyuta huiona namba tu.

Mpango huu ni mzuri, lakini ulizaa shida yake. Kwa kuwa programu ilikuwa huria, kila kituo kiliweza kujiandikia kamusi yake. Kituo kimoja kikaingiza kifua kikuu kama swali la ndiyo au la. Kingine kikakiingiza kama ugonjwa uliothibitishwa na daktari. Cha tatu kikakiweka kama sababu ya mgonjwa kubadilishiwa dawa. Vyote vitatu vilitumia OpenMRS, na bado usingeweza kuchukua faili za kimoja na kuziingiza kwa kingine bila mtu kuketi kutafsiri neno baada ya neno.

Ndugu wasioelewana

Anayedhani kwamba hayo ni mambo ya nchi maskini na aangalie Marekani. Idara inayowatunza wanajeshi wastaafu wa nchi hiyo ilianza kujijengea mfumo wake wa kompyuta mwishoni mwa miaka ya 1970. Mfumo huo, uliokuja kuitwa VistA, ulijengwa kwa pesa za umma na maagizo yake yakawa wazi kwa yeyote. Mnamo 1988 jeshi lenyewe liliamua kupata mfumo wa hospitali zake, na uliochaguliwa ulichipuka kutoka kwa huo huo wa wastaafu.

Kwa hivyo mifumo hiyo miwili ilikuwa ndugu wa tumbo moja. Lakini kila mmoja ulilelewa katika nyumba yake. Majina ya dawa yakatofautiana, majina ya vipimo yakatofautiana, namna ya kuandika mzio ikatofautiana. Mwanajeshi akistaafu leo, faili yake haikuweza kuhama kikamilifu kutoka hospitali ya jeshi hadi ya wastaafu, ingawa serikali ni moja na mgonjwa ni yule yule.

Miaka mingi na pesa nyingi zilitumiwa kujaribu kuipatanisha. Mnamo Februari 2013 idara hizo mbili zilitangaza kuachana na mpango wa kujenga mfumo mmoja wa pamoja. Mwishowe jeshi mwaka wa 2015, na idara ya wastaafu mwaka wa 2018, zikaamua kununua mfumo wa kampuni moja ya kibiashara. Kama taifa lenye uwezo ule lilishindwa kupatanisha ndugu, ni vyema sisi tuanze mapema.

Bahasha na barua

Ili kompyuta mbili ziwasiliane kuhusu mgonjwa, kuna mambo ambayo lazima yakubaliwe kwanza. La kwanza ni bahasha, yaani ujumbe utafungwa vipi, nani anatuma, nani anapokea, na kila habari itakaa mahali gani.

Kwa upande huu dunia imepiga hatua. Shirika liitwalo HL7, lililoundwa Marekani mwaka wa 1987, limekuwa likitoa kanuni za kufunga ujumbe wa hospitali. Toleo lake la pili lilienea sana, ingawa liliacha mianya mingi kiasi kwamba kila hospitali ilijaza kwa mtindo wake. Toleo la tatu lilitaka kuziba mianya yote, likawa zito hata mafundi wakalikwepa. Isitoshe, kwa miaka mingi aliyetaka kuzisoma kanuni hizo alitakiwa kulipa, jambo lililowaudhi watengenezaji wa programu huria. Hadi mwaka wa 2012 ndipo shirika hilo lilipotangaza kwamba litaziachia bila malipo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Grahame Grieve wa Australia alikuwa ameandika pendekezo jipya ambalo lilikuja kuitwa FHIR. Badala ya kupeleka faili nzima kama furushi, FHIR huigawa katika vipande vidogo vinavyojulikana: mgonjwa, kipimo, dawa, mzio, chanjo. Kila kipande kina umbo lake, na fundi wa kawaida aliyezoea kutengeneza kurasa za intaneti anaweza kukielewa kwa muda mfupi. Kanuni zake ni za bure tangu mwanzo. Toleo la nne lilitoka mwishoni mwa 2018, na programu huria kama OpenMRS na OpenEMR zimejifunza kuzungumza kwa njia hiyo.

Wapo wanaoshangilia kana kwamba FHIR imemaliza ugomvi. Mimi sioni hivyo. Bahasha ikiwa na anwani safi na stempu, itafika. Lakini kama barua iliyomo imeandikwa kwa Kikamba na anayeifungua anajua Kigiriama peke yake, bahasha nzuri haitamsaidia.

Homa ni ugonjwa gani?

Hapa ndipo pagumu. Chukua neno homa. Mama akimleta mtoto hospitalini akisema ana homa, huenda anamaanisha mwili una joto. Huenda anamaanisha mafua. Na katika sehemu nyingi za nchi, homa ni malaria tu, hata kabla ya damu kupimwa. Karani akiandika "homa" kwenye kompyuta, ameandika maradhi matatu kwa neno moja.

Shirika la Afya Duniani lina orodha ya magonjwa ambamo kila ugonjwa una namba yake. Katika toleo la kumi la orodha hiyo, lililopitishwa mwaka wa 1990, joto la mwili lisilojulikana chanzo huandikwa R50, mafua ambayo virusi vyake havikutambuliwa huandikwa J11, malaria kali ya falsiparamu huwekwa chini ya B50, nayo malaria isiyobainishwa aina huandikwa B54. Toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, lilibadilisha namba zote. Kwa hivyo hospitali mbili zinaweza kufuata orodha ya Shirika la Afya Duniani kwa uaminifu, na bado zisielewane kwa sababu moja ingali katika toleo la zamani.

Orodha hiyo ilitengenezwa hasa kwa ajili ya kuhesabu magonjwa na vifo. Humwambia waziri wangapi waliugua kisukari. Haimwelezi daktari kidonda cha mgonjwa kiko mguu upi.

Kwa upande wa maabara kuna orodha iitwayo LOINC, iliyoanzishwa mwaka wa 1994 na taasisi ile ile ya Regenstrief iliyosaidia Eldoret. Orodha hii hutolewa bure, na ndiyo inayoondoa utata wa sukari tuliouona mwanzoni. Sukari katika damu iliyopimwa kwa miligramu ina namba 2339-0, nayo iliyopimwa kwa milimoli ina namba 15074-8. Hospitali ikituma 18 pamoja na namba hiyo na jina la kipimo, mpokeaji hana nafasi ya kukosea.

Kuna kamusi nyingine kubwa zaidi, SNOMED CT, ambayo ina maneno ya karibu kila jambo linaloweza kumpata mwanadamu. Madaktari wengi huipenda. Lakini shirika linaloimiliki hutoza nchi wanachama ada kulingana na utajiri wao, na hili limeleta mzozo wa miaka mingi miongoni mwa watu wa programu huria. Wanauliza, ni uhuru gani huu ambapo programu ni ya bure lakini maneno ya kuandikia yana bei? Wenzao hujibu kwamba kamusi ya aina hiyo haijiandiki, na kuwa kuanzisha nyingine ya bure kungeongeza kamusi moja zaidi ya kutafsiriwa.

Suluhisho lililopatikana katika jamii ya OpenMRS ni la kati na kati. Dkt Andrew Kanter wa Chuo Kikuu cha Columbia, jijini New York, alisimamia kamusi iitwayo CIEL. Kila neno ndani yake lina namba yake, na pembeni pana viunganishi vinavyoonyesha neno hilo linaitwaje katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, katika LOINC na katika SNOMED CT. Uzito wa mwili kwa kilo, kwa mfano, ni 5089 katika CIEL na 29463-7 katika LOINC. Muuguzi hahitaji kujua lolote kati ya hayo. Anaandika kilo 12, na kompyuta inajua la kusema kwa kila atakayeuliza.

Hata tarehe inahitaji kukubaliwa. Programu iliyotoka Marekani ikiona 03/04/2024 husoma tarehe 4 Machi, ilhali karani wa hapa alimaanisha tarehe 3 Aprili. Kwa mtu mzima, mwezi mmoja si kitu. Kwa mtoto anayetakiwa kuchanjwa akiwa na wiki sita, kumi na kumi na nne, ni kosa linaloweza kumfanya achanjwe mapema mno au akosekane katika orodha ya waliochelewa. Dawa yake ni kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, na programu zote zikafuata hivyo.

Huyu ndiye yule?

Bahasha na maneno vikishakubaliwa, linabaki swali ambalo pengine ni gumu kuliko yote. Je, kompyuta zitajuaje kuwa mtu huyu aliyefika Nakuru ndiye yule aliyetibiwa Kisumu?

Majina yetu hayasaidii sana. Mtu huandikishwa kwa jina la ubatizo hospitali moja, na kwa jina la babake hospitali nyingine. Mohamed huandikwa kwa namna tano. Mtoto mchanga hana jina lolote, huandikwa "mtoto wa Akinyi", na katika wodi hiyo Akinyi wako watatu. Wazee wengi hawajui siku waliyozaliwa, hivyo makarani huwawekea tarehe 1 Januari. Nambari ya simu nayo hutumiwa na watu wanne wa nyumba moja.

Kliniki za Ukimwi zilipata njia mapema. Mgonjwa hupewa nambari ya tarakimu kumi. Tano za mwanzo ni za kituo alichoandikishwa, kulingana na orodha ya taifa ya vituo vya afya, na tano zilizobaki ni zake. Akihama, nambari humfuata. Mpango huo umefanya kazi nzuri, lakini hauwafikii wasio katika kliniki hizo. Mgonjwa wa presha au wa kifafa bado hutambuliwa kwa kadi yake, na kadi ikipotea ameanza upya.

Kosa la kuchanganya watu lina sura mbili. Kompyuta ikishindwa kuona kwamba faili mbili ni za mtu mmoja, daktari hataona kwamba mgonjwa huyo alivimba uso alipopewa penisilini. Hilo ni baya. Ikiunganisha faili za watu wawili kuwa moja, mmoja atapewa dawa za mwenzake na siri ya mmoja itasomwa kwa mwingine. Hilo ni baya zaidi, na ndiyo sababu watengenezaji waangalifu huiacha kompyuta ipendekeze tu, kisha mtu aamue.

Sheria zipo, kazi ingalipo

Nchini mwetu, serikali ilitoa mwongozo wa viwango vya mifumo ya rekodi za wagonjwa mwaka wa 2010. Wakati huo kila mfadhili alikuja na programu yake, na kliniki moja ingeweza kukutwa na kompyuta mbili zisizosalimiana katika chumba kimoja. Baada ya mwongozo huo, nguvu zilielekezwa kwa mifumo michache. Mmoja wao ulikuwa KenyaEMR, uliojengwa juu ya OpenMRS kwa ufadhili wa Marekani na kuanza kutumika mwaka wa 2012. Katika miaka michache ulikuwa umefika katika vituo zaidi ya 300, vingi vikiwa vya kuwahudumia wenye virusi vya Ukimwi. Una kamusi ya CIEL ndani yake, na hilo ndilo jambo la busara kuliko yote yaliyofanywa wakati huo, ingawa halikutangazwa popote.

Kwa ripoti za jumla, Wizara ya Afya ilichukua mfumo mwingine huria, DHIS2, mnamo 2011. Mfumo huu, ambao chimbuko lake ni Afrika Kusini na ambao husimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, hauhifadhi faili za wagonjwa mmoja mmoja katika kazi hiyo. Hupokea hesabu za kila mwezi kutoka vituoni. Katika vituo visivyokuwa na kompyuta, au vyenye programu isiyozungumza na DHIS2, muuguzi huketi mwisho wa mwezi akihesabu majina katika rejista, anajaza fomu ya MOH 731 au MOH 705, kisha mwingine huingiza hesabu hizo kwenye kompyuta. Siku hiyo foleni ya wagonjwa huwa ndefu. Viwango vikifuatwa, kompyuta ingehesabu yenyewe.

Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka wa 2023, na ndani yake suala la viwango na kubadilishana habari za wagonjwa limetajwa waziwazi. Sheria hiyo na nyingine zilizopita nayo zilipingwa mahakamani. Bila kujali mawakili watasema nini, kazi ya kupatanisha maneno haitafanywa na sheria. Itafanywa na madaktari, wauguzi na watu wa maabara wakiketi pamoja na mafundi kuulizana kila kituo kinamaanisha nini kinapoandika hivi au vile. Rwanda ilianza kujaribu kuunganisha vituo kwa njia hii katika wilaya ya Rwamagana mnamo 2012, ikianza na akina mama wajawazito, na waliohusika walijionea kwamba waya na kompyuta ndizo zilikuwa sehemu nyepesi.

Mambo yaliyotokea mwaka wa 2025 yameongeza uzito wa jambo hili. Marekani ilisimamisha misaada yake mwezi Januari, na ikalifunga shirika lake la USAID rasmi mwezi Julai. Mfadhili akiondoka, programu huria hubaki, kwa kuwa hakuna wa kuinyang'anya. Lakini kaunti ikiamua kuhamia mfumo mwingine, je, rekodi za mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi kwa miaka kumi na mitano zitahamia pia, zikiwa na tarehe, vipimo na dawa alizowahi kubadilishiwa? Zikiwa zimeandikwa kwa viwango vinavyojulikana, zitahama. La sivyo, daktari mpya ataanza kumuuliza mgonjwa maswali ambayo hayakumbuki, na anaweza kumrudishia dawa ambayo virusi vyake vimekwisha kuizoea.

Kuna wanaoogopa upande wa pili. Kompyuta zikielewana vizuri, habari za mtu zitafika upesi hata pale asipotaka. Hofu hiyo ni ya haki. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa miongoni mwa zile nyeti. FHIR nayo ina mahali pa kuandika kwamba mgonjwa ameruhusu kipande hiki kionwe na nani na kile kisionwe na nani. Tatizo ni kwamba nafasi hiyo mara nyingi huachwa tupu, maana wakati wa kufunga mfumo kila mtu ana haraka.

Kwa kaunti au hospitali inayotaka kununua au kufungiwa mfumo, huria au wa kibiashara, mtihani ni mmoja na hauhitaji mtaalamu. Mwambieni muuzaji achukue faili ya mgonjwa wa mfano, mwenye kisukari, mzio wa penisilini na vipimo vya miaka mitatu. Aitoe katika mfumo wake na kuiingiza katika mfumo mwingine usio wake, mbele yenu, kabla ya kutiwa sahihi. Kisha daktari aisome.

Naye mgonjwa, mpaka siku hiyo ifike, asiache kijitabu chake nyumbani. Akipimwa sukari, aombe namba iandikwe pamoja na kipimo chake, ni milimoli au miligramu. Dawa zinazomdhuru ziandikwe kwa majina yake kamili kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, na tarehe iandikwe kwa jina la mwezi.